*TAARIFA YA TAWI LA FERI: NYONGEZA YA MBUNGE ISIJIENDEE YENYEWE*



Kwenye grupu mmeuliza: je, mishahara ya wabunge ipande kila mwaka moja kwa moja, bila mjadala? Wapo wanaosema hiyo itaondoa aibu ya wabunge kujipangia wenyewe. Sisi viongozi wa tawi tunasema *hapana*.

Tunakumbuka mwaka 2011. Posho ya kikao ilipanda kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku, na Spika Anne Makinda akaitetea kwa ugumu wa maisha Dodoma. Feri nako maisha yalikuwa magumu. Lakini angalau wananchi walihoji. Nyongeza ikijiendea yenyewe, tutahoji lini?

Mtumishi wa umma wa kima cha chini alisubiri hadi Mei Mosi 2025 kutangaziwa kutoka 370,000 hadi 500,000. Na hapa sokoni mgawo unapigwa baada ya samaki kunadiwa. Bahari ikichafuka, mwenye chombo na baharia wote wanarudi mikono mitupu.

Hatusemi mbunge alipwe kiduchu. Akilipwa kiduchu, ubunge utabaki wa matajiri na kijana wetu wa Kivukoni hatathubutu kugombea. Shida ni utaratibu. Ibara ya 73 ya Katiba inasema wabunge watalipwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Yaani kisu na nyama viko mkono mmoja.

Wenzetu Kenya wana tume ya mishahara, na Julai 2024 ilisitisha nyongeza ya viongozi baada ya vijana kuipinga. Marekani, tangu 1992, Katiba yao inazuia sheria ya kubadili mshahara wa wabunge kuanza kabla ya uchaguzi kupita.

Tunapendekeza:
1. Chombo huru kipange malipo ya wabunge.
2. Mshahara *na posho* vitangazwe hadharani.
3. Nyongeza ianze baada ya uchaguzi mkuu, ili mpiga kura aseme kwanza.

Tutalijadili kikao kijacho cha tawi, kisha tulipeleke kata. Mwenye hoja ya kutupinga aje nayo, atasikilizwa. Anayeomba nyongeza aje kwanza kwa mwenye mali, na mwenye mali ni mwananchi.

_Uongozi wa Tawi, Feri_