Waingereza waliona aibu, sisi tukacheka: 'Mind Your Language' ikitazamwa kutoka Eastleigh

Fanya hivi leo jioni. Mtaje Mr Brown mbele ya mzazi au mjomba aliyekuwa na TV miaka ya themanini au tisini, kisha uone kama hataweka simu chini. Atakupa stori ya Ranjeet anayeomba msamaha mara elfu, na ya Ali Nadim wakirushiana maneno kama majirani wa ploti moja.

'Mind Your Language' ilirushwa Uingereza kati ya 1977 na 1979, vipindi 29 tu. Mwalimu Mwingereza, darasa la jioni jijini London, wanafunzi watu wazima kutoka Pakistan, India, Italia, Japani na kwingineko, wote wakipigana na Kiingereza. Michael Grade, bosi katika kituo cha LWT, aliizima kwa kuwa aliona inawadhalilisha wageni. Ikafufuliwa kidogo 1986, basi. Kwao ni nadra sana kuiona tena kwenye runinga. Huku kwetu KBC iliirusha na watu wakaipenda kama yao.

Hapo ndipo pananishangaza. Wenye lugha waliona haya, na sisi, ambao lafudhi zetu ndizo zingechekwa, tukashika mbavu. Nadhani ni kwa sababu tuliketi kwenye darasa hilo kitambo. Waulize wazee waliovishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kuongea lugha ya mama. Mtu kama huyo akimwona Giovanni akiivunjavunja sentensi ya Kiingereza hamcheki Giovanni peke yake. Anajicheka, na anaicheka ile fimbo pia.

Na tusijifanye malaika. Mzee Ojwang' wa 'Vitimbi', aliyepiga Kiswahili chenye ladha ya Kijaluo, aliigizwa na Benson Wanjau, ambaye alikuwa Mkikuyu. Alipofariki Julai 2015 alililiwa nchi nzima, Wajaluo wakiwemo. Kwa nini yeye alisamehewa? Maoni yangu: Ojwang' alikuwa na nyumba, mke, madeni na ujanja. Lafudhi ilikuwa kitu kimoja tu kati ya vingi. Akina Ali na Ranjeet mara nyingi hawana kingine.

Sasa panda ngazi za jengo lolote refu pale Eastleigh, upite maduka ya vitambaa na ya simu. Huko juu utakuta vyuo vidogo vya Kiingereza na kompyuta. Wanaoketi humo ni Wasomali, Waoromo, Waeritrea, wengine wazazi wenye watoto. Hilo ndilo darasa la Mr Brown, ila huku kukosea kuna bei. Aprili 2014, wakati wa operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa na kupelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa stakabadhi. Ukisimamishwa barabarani wakati kama ule, lafudhi yako inakutangulia kuongea kabla hujafika kwenye kitambulisho. Na Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, kuna watu mtaani waliobaki na Kiingereza kizuri na safari iliyokwama.

Ndiyo maana zile klipu za sekunde thelathini zinazozunguka WhatsApp zinanisumbua kuliko kipindi chenyewe. Klipu inakuonyesha kosa la matamshi, kisha inakata. Ukitazama kipindi kizima utaona mwalimu naye akichanganyikiwa, akizidiwa akili na wanafunzi, huku mkuu wa chuo, Miss Courtenay, akimfokea kana kwamba yeye ndiye mgeni. Ucheshi wa kugeuza meza namna hiyo hauingii kwenye klipu.

Kwa hivyo, kama ungeniuliza, singeunga mkono kuifungia kabatini. Irushwe nzima, usiku, na baadaye watu wabishane. Halafu mtoe ya kwenu. Fikiria mwalimu kijana kutoka Buruburu, mwenye Kiingereza na Sheng' tu, amesimama mbele ya mama mfanyabiashara wa Islii anayebadilisha Kisomali, Kiarabu na Kiswahili huku akihesabu noti. Script iandikwe na vijana wa mtaa wenyewe, maana wao wanajua ni mzaha gani mama huyo angeucheka, na ni upi ungemfanya achukue mkoba wake na kuondoka darasani.