Jini la Watu, Samaki Wetu

Mama yangu alipotua Glasgow mwezi wa nne akitokea Tanga, nilikuwa nimemwahidi mambo mengi. Wiki tatu zikapita. Alichokuwa amekiona cha Uskoti ni dirisha la jikoni kwetu, duka la Wapakistani wanakouza bamia, na mimi nikirudi zamu ya usiku macho yamevimba. Hakulalamika. Aliniambia tu kwamba nchi hii ina mvua nzuri. Kwa anayemjua mama yangu, hilo ni lalamiko kubwa.

Nikaomba siku mbili kazini, nikakata tiketi tatu za basi la watalii kwenda Loch Ness. Binti yangu wa miaka minane ndiye aliyefurahi kupita wote. Shuleni wameshamchora yule mnyama Nessie mpaka kalamu za kijani zimekwisha.

"Bibi, ana shingo ndefu hivi, anaishi chini kabisa ziwani, na hakuna aliyewahi kumkamata!"

Mama akafikiri kidogo. "Ana mwenyewe?"

Nami nilijitia utalii haswa: kofia, mkoba wa mgongoni, kamera. Mimi huyu niliyekulia Tanga miaka 20 bila kukanyaga mapango ya Amboni, kilomita nane tu kutoka mjini! Safari ya shule ilikuwapo, mchango wa nauli ndio haukuwapo, na baada ya hapo nikaona mapango hayatakimbia.

Basi likasimama Glencoe, katikati ya milima, tupige picha. Pembeni ya barabara alikuwapo mzee kavaa ile sketi yao ya mirabamiraba, anapuliza zumari lao lenye mfuko. Wengi tuishio huku tumeshalizoea, tunalipita tukiwa tumeziba masikio. Mama alisimama wima kama aliyeitwa jina.

"Zumari hili!"

Nikamweleza kwamba mfuko ule unatunza hewa ili mpigaji avute pumzi bila sauti kukatika. Hakuwa na haja ya maelezo yangu. Alikuwa amekwishavua kanga mabegani, kaifunga kiunoni juu ya koti, na anacheza taratibu kama yuko harusini Ngamiani. Mzee alipomwona akazidisha. Basi zima likatugeuzia kamera. Binti yangu alijificha nyuma yangu, na nakiri kwamba mimi nilikuwa natafuta wa kujificha nyuma yake.

Tuliporudi kwenye viti mama akadai muziki wa kwao. Nikamwekea Shakila kwenye simu, Macho Yanacheka, yeye sikio moja na mimi sikio moja. Ukitoka mji wa Black Star na Lucky Star, huwezi kuvuka milima kavukavu.

Loch Ness yenyewe ni ziwa jembamba, urefu kama kilomita 37, kina kama mita 230, maji meusi kama chai ya rangi iliyokolea. Tukapanda boti. Habari za Nessie zilivuma magazetini mwaka 1933, na mwaka uliofuata ikatoka ile picha maarufu ya shingo juu ya maji. Mwaka 1994 ikaja kujulikana kwamba ni kinyago kilichobandikwa juu ya nyambizi ya watoto. Mwaka 2018 wanasayansi wakachota maji wapime vinasaba vya viumbe walio humo. Wakakuta vya mikunga, tena kwa wingi. Watalii bado wanajaa.

Mama alikataa kupiga picha maji. "Jini la watu halipigwi picha bila kuombwa." Halafu, akiwa anaangalia pembeni, akasema, "Mjomba wako alimpata mmoja."

"Mmoja nani?"

Ndipo akatuhadithia. Mjomba alikuwa anavua Kigombe. Alfajiri moja jarife likapanda zito, mnaelea samaki mkubwa kama mbuzi, wa buluu na mabaka meupe, mapezi yake manene kama mikono ya mtoto. Wazee hawakumjua. Walimchemsha, nyama ikawa mafuta matupu, hata paka hakurudi mara ya pili. Baadaye wakaja watu na tepu za kupimia, wanauliza maswali.

Nilimjua mara moja: silikanti. Wataalamu waliamini samaki huyo ametoweka duniani zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita, mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga wamewanasa wengi, na mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Hayo nimeyasoma nikiwa huku. Ambacho sikukijua ni kwamba mjomba wangu amemshika kwa mikono yake.

Mjomba alifariki nikiwa hukuhuku, mazishi niliyaona kwenye simu. Kila nilipompigia nilimuuliza bahari ikoje, naye akijibu bahari nzuri, kisha tukahamia kwenye hela ya dawa.

Binti yangu alikuwa anatukodolea macho. "Kwa hiyo wa Tanga yupo kweli?"

"Yupo."

"Sasa huku tumefuata nini?"

Mama akacheka hadi nahodha akageuka. Mimi nikasema nauli, nikasema zamu, nikasema mwaka kesho. Miaka sita sasa nasema mwaka kesho.

Jumatatu mtoto alichora shuleni samaki wa buluu mwenye mabaka meupe na mapezi kama mikono, na babu kashika jarife. Mwalimu akamwandikia pembeni kwamba ana ubunifu wa ajabu. Alirudi amenuna, hataki kula, anataka niende nikamweleze mwalimu kwamba hakubuni kitu.

Nimeandika barua kwa mwalimu, na nyingine kazini kuomba likizo ya Desemba. Mama anasema mjane wa mjomba bado anayo picha.