STAA, LOKI YA UPEPO SIYO YA KUPIGIA KIKI KWENYE KIPLEFTI

Leo sina habari ya nani kaachwa na nani, wala nani kam-unfollow nani usiku wa manane. Leo nina ujumbe kwa staa mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, ambaye chawa wake hawawezi kumwambia ukweli kwa sababu wanakula kwake. Sisi hatuli kwake, kwa hiyo tutamwambia.

Video wengi mmeiona. Land Cruiser nyeupe, ile ya mkonga, imepigwa polishi mpaka unaweza kujitazama kunyoa ndevu. Staa amekaa kwa usukani, miwani meusi saa nne usiku. Anabonyeza swichi, inasikika sauti ya upepo, "psss!", halafu anasema amefunga loki ya upepo kwenye difu, kwa hiyo sasa gari inang'ang'ania lami na kona yoyote anaikata bila kuogopa. Kisha anaingia kwenye kiplefti na kuanza kuzunguka, matairi yanalia, mziki wake mpya unapigwa kwa nyuma. Chini ya video chawa wanashindana: mfalme wa barabara, hakuna kama wewe, wenye wivu wajinyonge.

Mfalme wa barabara, kaa chini tuongee. Ulichokisema ni uongo, na ni uongo wa kuvunja watu miguu.

Twende taratibu kwa wale ambao hawajawahi kuingia chini ya gari. Ukikata kona, tairi la nje na tairi la ndani hayatembei umbali sawa. La nje linazunguka njia ndefu, la ndani linakata shoti. Chukua gari ambayo kutoka tairi hadi tairi ni kama mita 1.5. Kwenye kona moja tu ya kukunja mtaa wa pembeni, ile ya nyuzi 90, tairi la nje linatembea zaidi ya lenzake kwa mita 2 na ushee. Ukizunguka kiplefti kizima, tofauti inafika zaidi ya mita 9. Piga hesabu mwenyewe, ni hesabu ya duara ya shule.

Sasa ile tofauti inaenda wapi? Ndiyo kazi ya difu. Difu inaruhusu tairi moja likimbie na lingine lipungue, gari inakunja kiulaini wala husikii kitu. Ubaya wa difu ya kawaida unaonekana kwenye tope. Tairi moja likikosa pa kushika, lenyewe ndilo linazunguka bure kama pangaboi, na lenzake lililokanyaga pazuri halipati nguvu ya kutosha kuitoa gari. Umekwama.

Hapo ndipo loki inapoingia. Upepo kutoka kwenye kompresa ndogo unapita kwenye kimrija chembamba mpaka ndani ya difu, unasukuma kipande cha chuma, na tairi mbili zinafungwa kuwa kitu kimoja. Moja likizunguka, na jingine linazunguka, hata kama lingine liko hewani. Gari inajikwamua. Ukizima swichi upepo unatoka, ndiyo ile "psss", na difu inarudi kuwa ya kawaida.

Umeona sasa? Kazi ya loki ni KUZUIA tairi moja lisiachane na lenzake. Kwenye kiplefti ndicho kitu pekee ambacho hukihitaji! Pale matairi yanapolia siyo kwamba yanang'ang'ania lami. Yanakwaruzwa. Yanalazimishwa kutembea umbali sawa wakati barabara inayataka yaachane. Wewe unakunja usukani, gari inataka kunyooka. Mpira unakatika, shafti inajipinda, meno ya difu yanabeba mzigo ambao hayakutengenezewa. Lami ikiwa na maji ndiyo mbaya zaidi: tairi zote mbili za nyuma zinaweza kuteleza kwa pamoja, na mkia wa gari unaenda unakotaka wenyewe. Na pembeni ya kile kiplefti kulikuwa na bodaboda wamepaki na mama anauza mihogo. Angalieni video tena, wanaonekana kabisa.

Kitu hiki kina heshima yake. Waliokifanya kijulikane duniani ni ARB, kampuni ya Australia iliyoanza mwaka 1975, nchi yenye mapori na majangwa ambayo ukikwama hakuna wa kukusukuma. Hapa kwetu nenda Arusha ukawaulize madereva wanaopeleka watalii mbugani. Masika ikiingia, ule udongo mweusi unanata kwenye tairi mpaka kashata zote zinajaa, tairi linakuwa laini kama chapati. Mle ndani una wageni sita, jua linazama, na huruhusiwi kushuka ovyo kwa sababu kuna wenye meno. Dereva wa namna hiyo akibonyeza swichi anajua anachofanya. Anabonyeza kabla hajazama kabisa, tairi zikiwa zimetulia au gari inatambaa, anakwenda polepole, anajitahidi usukani unyooke, akitoka tu anazima. Hapigi video. Hana muda huo.

Sasa nije kwenye kilichoniudhi kuliko vyote. Nimeongea na fundi aliyeifunga ile loki. Jina lake naliweka kapuni pia, maana bado anategemea wateja mjini hapa. Kijana wa rika letu, hana ofisi ya vioo, ana karakana ya mabati na mikono inayojua kazi.

Mnajua kazi yenyewe ikoje? Siyo kubandika taa za rangi. Unamwaga oili, unavuta shafti, unafungua propela, unatoa difu zima unaliweka mezani. Kofia za beringi unazitia alama, kwa sababu ukizibadilisha kulia na kushoto umeharibu. Unahamisha kraunwili kutoka kwenye nyumba yake ya zamani kwenda kwenye loki, unaingiza beringi kwa presi. Unatoboa tundu kwenye chuma cha difu na kulikata nyuzi ili mrija wa upepo upite, na chenga za chuma hazitakiwi kubaki ndani hata moja. Kuna viringi vya mpira vya kuzuia upepo, ukikibana kimoja vibaya upepo unavuja ndani ya difu na oili inaanza kupanda kwenye mrija mpaka kwenye valvu.

Halafu ndiyo inakuja sehemu ya kutenganisha mafundi na wababaishaji. Meno ya kraunwili na ya pinioni lazima yaachiwe nafasi ndogo sana, kwenye Toyota za namna hii inacheza milimita 0.15 hadi 0.20. Hiyo ni unene wa kama karatasi mbili za daftari. Inapimwa kwa geji, haipimwi kwa macho wala kwa uzoefu. Unapaka rangi kwenye meno, unazungusha, unaangalia yamegusana wapi. Yakigusana vibaya unafungua unaanza upya. Ukiacha hivyo hivyo, difu litalia njiani kama mbwa, na siku moja litakuacha Chalinze usiku.

Bado kufunga kompresa, kupitisha nyaya, kupitisha mrija mbali na bomba la moshi na kuuachia ulegevu ili ekseli ikipanda na kushuka usikatike. Kupaka povu la sabuni kwenye viungo vyote kuona kama upepo unavuja. Mwisho unainua tairi za nyuma zote mbili juu, gia ndani, unazungusha tairi moja kwa mkono: jingine linazunguka kinyume. Unawasha loki: halizunguki. Hapo ndipo kazi imeisha.

Fundi anasema alifanya yote hayo siku mbili na usiku mmoja. Na alipomaliza alisimama mbele ya simu ya staa akaeleza, kwa Kiswahili cha kueleweka, loki inawashwa wapi na inazimwa lini. Alisema wazi kabisa isiwashwe kwenye lami kavu, hasa kwenye kona. Kwenye video iliyowekwa, maelezo yake yamekatwa. Kimebaki kipande cha sekunde chache, mikono miwili yenye grisi, bila uso, bila jina. Baada ya hapo mnaletewa kiplefti.

Na malipo? Alipewa hela ya oili na nauli. Ufundi aliambiwa atalipwa kwa shavu. "Nitaku-tag, utapata wateja mpaka uwakimbie." Mpaka naandika hapa hajatagiwa, na simu zake zinapokelewa na meneja anayesema bosi yuko studio.

Kaka, kifaa ulinunua kwa pesa taslimu, maana wa duka la vipuri hawajui mambo ya shavu. Ukijumlisha loki na kompresa yake unaongelea bei ya bodaboda mpya au zaidi. Hiyo ulikuwa nayo. Ila ya kumlipa binadamu aliyelala kwenye sakafu ya saruji kuhakikisha shafti haikukatikii ukiwa na mwanao ndani ya gari, hiyo huna? Mwenye nyumba wa fundi hapokei tag.

Na msidhani haya ni mambo mawili tofauti, la fundi na la kiplefti. Ni jambo moja. Fundi angeonekana kwenye video, mashabiki wangejua kitu kinatumikaje. Lakini fundi akiongea, staa anaonekana mteja tu, na kiki haipatikani kwa mtu anayesikiliza. Kwa hiyo ukaikata sauti iliyokuwa na akili ukaacha sauti ya "psss".

Matokeo yake nenda kasome komenti. Dogo mmoja anauliza kama kuna njia ya bei nafuu kwenye Mark II. Wamemjibu zaidi ya watano: chomelea difu. Yaani uchukue mashine ya kuchomelea uunganishe vile vipinioni vya ndani viwe chuma kimoja milele. Loki ya upepo angalau ina swichi ya kuzima. Difu lililochomelewa halina. Kila kona unayokata kuanzia siku hiyo, mvua au jua, sokoni au mbele ya shule ya msingi, gari inagoma kukunja. Na kile chuma kikipasuka ukiwa kwenye spidi, vipande vinaweza kujibana kwenye meno na tairi zikakaba hapo hapo. Huyo dogo hana folowa milioni. Ana Mark II ya kaka yake na hamu ya kufanana na wewe.

Najua povu linakuja. Wa kwanza atasema ni wivu. Sawa, gari yako nzuri, naikubali, hata mimi ningependa kupiga nayo picha. Lakini wivu haubadilishi hesabu ya duara. Wa pili atasema ni hela yake na gari yake. Gari ni yake, kiplefti ni chetu sote. Wa tatu atasema mbona G-Wagen zinatoka kiwandani na swichi tatu za loki katikati ya dashibodi na hakuna anayelalamika? Ndiyo, zinazo, na hata aliyeitengeneza hakuziweka kwa ajili ya kukatia kona mjini. Wa nne atasema Prado yake ina kitufe cha difu loki na anakitumia kila siku. Mkuu, kwenye Prado nyingi kile cha kawaida kinafunga difu ya katikati, kati ya tairi za mbele na za nyuma. Nacho si cha lami kavu. Kazime leo.

Kwa hiyo staa, tunataka vitu vitatu, na vyote viko ndani ya uwezo wako.

Moja, mlipe fundi. Pesa, siyo shavu.

Mbili, ile sehemu uliyoikata bado iko kwenye simu yako. Iweke ilivyo, na uso wake na jina lake kama mwenyewe ataridhia. Dakika mbili tu.

Tatu, ukitaka kutuonyesha loki inavyofanya kazi, subiri masika, chukua mkonga wako uende kwenye tope la ukweli, tairi moja liwe hewani, ubonyeze swichi utoke. Hiyo video nitai-share mimi mwenyewe bila kulipwa na nitakuita mwamba.

Na nyie wadau mnaotaka kufunga, muulizeni fundi maswali mawili kabla hamjatoa hela. Una geji ya kupimia nafasi ya meno? Utanionyesha rangi kwenye meno kabla hujafunga? Akicheka, ondoka na gari yako. Akikuonyesha, mlipe anachostahili na uache kumwambia habari za tag.

Tupia komenti hapo chini. Hasa nyie mafundi mliowahi kulipwa kwa shavu, leo jukwaa ni lenu. Majina ya mastaa yaacheni kapuni, tuambieni kazi mliyofanya na siku mlizolala gereji. Chawa nao karibuni, ila njooni na hesabu ya kiplefti.