Makazi ya Wazee Yakifungwa, Wazee Waende Wapi?

Wanachuo wenzangu, tukipewa notisi ya wiki mbili tuhame hosteli, magrupu yote ya WhatsApp yanawaka moto. Sasa mfikirie bibi wa miaka 80 anayeambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu gari linakuja kumchukua.

Mwaka jana nilikuwa fildi kwenye makazi ya wazee. Mfadhili akajitoa, makazi yakafungwa. Wazee 14 wakagawanywa sehemu tatu. Bibi mmoja aliondoka na begi lake tu. Faili la matibabu likabaki kabatini. Kule alikopelekwa, siku nne zilipita hawajui kwamba anatumia dawa za presha. Mwenzake waliyekuwa wakila sahani moja akapelekwa mkoa mwingine. Hakuna aliyewauliza.

Kuna mtu atasema wazee warudishwe kwa familia zao, eti makazi ni mambo ya Wazungu. Sawa, lakini wengi niliowakuta pale hawakuwa na wa kuwarudia.

Wala sisemi makazi yasifungwe kamwe. Pesa huisha, majengo huchakaa. Ninachodai ni utaratibu. Marekani, makazi ya uuguzi yanayofungwa hutakiwa kutoa taarifa ya maandishi siku 60 kabla, pamoja na mpango wa kuwahamisha wakazi. Uingereza walijifunza kwa machungu: mwaka 2011 iliporomoka Southern Cross, kampuni iliyokuwa na wakazi wapatao 31,000. Sheria ya Matunzo ya 2014 ikazibebesha halmashauri wajibu wa kuhakikisha mtu hakosi huduma pale mtoaji anapoanguka.

Sisi tuna Sera ya Taifa ya Wazee, lakini sera haimbani mtu kama sheria. Tuandike kanuni ya kufunga makazi: notisi ya siku 60, faili na dawa visafiri na mwenyewe, marafiki wasitenganishwe bila kuulizwa, na afisa ustawi wa jamii awafuate huko walikohamia, mwezi wa kwanza na wa tatu. Hivyo vitu havihitaji mabilioni. Wa sheria na wa ustawi wa jamii, tuanze sisi kuandaa rasimu.

Yule bibi nikimpigia simu bado ananiuliza mwenzake anaendeleaje. Mpaka leo sina jibu la kumpa.