Kaboni au Alumini: Baiskeli ya Shemeji

Juma hili nilikusudia kuendelea na habari za kuhifadhi nafaka, lakini nyumbani kwangu limezuka jambo ambalo naona litawafaa wengi, hasa wale wanaokaribia kupokea kiinua mgongo. Nafaka zitangoja.

Jumapili iliyopita, chai ikiwa bado mezani, aliingia shemeji yangu, kaka wa mama watoto, sajini mstaafu wa polisi. Tangu astaafu anaishi Kapchorwa, na kazi yake ni kuwaongoza wageni wanaopenda kuendesha baiskeli kwenye miteremko ya mlima Elgon. Magoti yake, baada ya miaka mingi ya doria, hayataki tena kupanda vilima. Binti yake afanyaye kazi Uswisi amemshauri anunue baiskeli ya mlimani yenye mota ya umeme, naye binti atachangia nusu ya bei. Amemletea karatasi mbili za baiskeli zenye mota ile ile na betri ile ile. Tofauti ni fremu tu, moja ya kaboni na nyingine ya alumini. Ile ya kaboni ilizidi bei kwa fedha za kutosha kununua betri ya pili, na matairi ya akiba juu yake.

"Shemeji," akaniambia, "wewe ulisomea ualimu. Mtoto anasema kaboni ndiyo ya kisasa, na mimi sitaki kumvunja moyo. Lakini fedha hizi ni jasho la miaka thelathini. Nieleze."

Nikaomba tuletewe sufuria kuukuu kutoka jikoni. Alumini tupu ni laini, nanyi akina mama mwajua jinsi ukingo wa sufuria unavyopindika. Kwa sababu hiyo fremu haiundwi kwa alumini tupu, bali kwa aloi, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine kidogo. Aloi yenye namba 6061 hutiwa magnesiamu na silikoni. Ile ya 7005 hutiwa zinki. Uchache huo ndio uletao nguvu. Lakini moto wa kuchomelea huipunguza nguvu hiyo, na hivyo kiwandani fremu ikiisha kuunganishwa huingizwa katika tanuri, kwa joto na muda uliopimwa, ili irudishiwe ugumu wake. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Fremu ya alumini ikipata ufa, msiipeleke kwa fundi wa kuchomelea wa njia panda. Huyo ndiye aliyeziba fremu za chuma za Raleigh za baba zetu, zikaendelea kubeba matoke miaka mingi baadaye, nasi twamshukuru. Lakini hana tanuri hilo. Ataufunika ufa, na kando ya kiraka chake patakuwa dhaifu kuliko pengine pote.

Kaboni ni jambo jingine kabisa. Hizi ni nyuzi, kila mmoja mwembamba kama sehemu ya kumi ya unywele wa mtu, zilizolowekwa katika gundi ngumu na kupangwa kwa mikono, tabaka juu ya tabaka, ndani ya kalibu, kisha zikapashwa joto zikakauka kuwa kitu kimoja. Fikirini mkeka: ukivutwa kwa kufuata urefu wa ukili haukatiki upesi, lakini ukichomwa kwa ncha ya kisu hutoboka. Mjenzi wa fremu ya kaboni huzielekeza nyuzi mahali anapotaka nguvu, na mahali ambapo hakutarajia pigo, pigo hilo laweza kuleta hasara.

Nisionekane ninaidhulumu kaboni. Ni nyepesi sana, na ikitunzwa haichoki upesi kwa mitikisiko. Alumini huchoka. Chuma cha pua na chuma cha kawaida vina kiwango ambacho, mzigo ukiwa chini yake, waweza kurudiwa mara nyingi mno bila madhara. Alumini haina kiwango kama hicho, na kila tuta na kila jiwe huandikwa katika daftari lake hata siku ufa uonekane karibu na maungio. Mwaka 1992, huko Barcelona, Chris Boardman wa Uingereza alitwaa dhahabu ya Olimpiki katika mbio za kufukuzana za mita 4,000 juu ya baiskeli ya kaboni iliyotengenezwa na Lotus, yenye umbo lililokata upepo kama samaki majini. Lakini ule ulikuwa uwanja laini, na baiskeli haikuwa na mota.

Baiskeli ya mlimani ya umeme huwa na kilo 20 hadi 25. Betri peke yake ni kilo tatu au nne, mota karibu tatu. Tofauti ya fremu ya kaboni na ya alumini ni kama kilo moja, pengine zaidi kidogo. Shemeji ana kilo 85. Akipanda baiskeli ya kilo 23, mota itasukuma kilo 108, na hiyo kilo moja aliyoilipia fedha nyingi haifiki hata moja katika mia. Chupa ya maji ya lita moja ina uzito huo huo, na hupungua kila anapokunywa.

Kwa kuwa binti yuko Uswisi, nikamkumbusha jambo la kijeshi. Jeshi la nchi hiyo lilikuwa na askari wa baiskeli tangu 1891 hadi walipovunjwa mwaka 2003. Baiskeli yao ya mwaka 1905 ilikuwa ya chuma, kilo 23 na ushei, nao waliipandisha milima ya Alps kwa miguu yao. Shemeji akacheka: "Basi uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni magoti."

Tukaja kwenye neno lililompa usingizi mgumu, nalo ni mawe. Njia za Elgon zina mawe yarukayo na kugonga bomba la chini la fremu, hapo hapo betri inapokaa. Alumini ikigongwa hubonyea, na mwenye macho huona. Kaboni ikigongwa yaweza kubaki inang'aa, rangi haijatoka, kumbe ndani matabaka yameachana. Mafundi hugongagonga kwa sarafu na kusikiliza: penye uzima sauti ni kali, penye kuachana ni butu. Ni kipimo cha kwanza, si hukumu. Wapo mabingwa Ulaya wanaokwangua mahali palipoumia na kuweka matabaka mapya, nayo huwa imara. Lakini shemeji hawezi kuifikisha fremu huko kila jiwe linaporuka. Tena hulaza baiskeli kwenye pikapu na kuzifunga kwa mipira, zikisuguana njia nzima pamoja na matope. Kaboni haipendi kusuguliwa, wala kukazwa skrubu kwa nguvu za kukisia. Yataka spana ya kupimia, na skrubu ya kubana nguzo ya kiti mara nyingi huandikwa nyutonimita tano tu. Niliwahi kumwona shemeji akikaza skrubu. Sitasema zaidi.

Kwa maoni yangu achukue alumini, na spana ya kupimia anunue vile vile, maana nayo huharibiwa na mkono mzito. Kila akiosha baiskeli atazame maungio ya shingo ya mbele na pale mota iliposhikiwa. Ufa hauna mjadala; asiipande tena.

Ikabaki betri. Binti alipanga kuja nayo mwenyewe kwa ndege wakati wa Krismasi. Haiwezekani. Katika mizigo ya abiria betri ya akiba haipiti kipimo cha wati-saa 160, hata kwa idhini ya shirika, na za baiskeli hizi aghalabu ni 500 hadi 800. Itasafirishwa kama shehena ya hatari, kwa meli hadi Mombasa na kwa lori kupitia Malaba. Ikifika, ile ya pili isiwekwe ikiwa imejaa kabisa wala tupu, bali nusu, mahali penye ubaridi; wala isichajiwe usiku chumbani wanamolala watoto.

Akampigia binti simu papo hapo. Nilisikia kimya kirefu, halafu sauti ikauliza: "Baba, ni kwa sababu ya fedha?" Akajibu, "Ni kwa sababu ya mawe." Wakaanza kubishana juu ya rangi, nikajua yamekwisha.

Kumbe hayajaisha. Karatasi inauliza urefu wa mguu kwa ndani, kutoka unyayo mtupu, ili wajue ukubwa wa fremu, na sisi hatujapima. Atarudi Jumapili ijayo, nami nimekwisha azima tepu ya jirani yetu fundi cherehani.