Mabehewa Yaliyostaafu na Haki ya Salale

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, mjadala wetu umekuwa juu ya kasi, nauli na ratiba. Ni nadra kusikia swali la pili: mabehewa ya reli ya zamani yanapochakaa na kuondolewa kazini, huenda wapi? Na mkazi wa kata ya Salale, wilayani Kibiti, ndani ya delta ya Rufiji ambako hakuna reli, ana haki gani juu ya mabehewa hayo?

Ninadai kwamba haki yake ni sawa na ya mkazi wa Pugu. Behewa la umma ni mali ya taifa zima, na mali ya taifa haiwi ya wale tu wanaoishi kando ya reli. Kulihukumu kuwa chuma chakavu ni uamuzi wa umma, kwa hiyo umma una haki ya kuulizwa.

Kwamba behewa kuukuu laweza kupewa kazi mpya, tumeshaliona. Oktoba 2012 Dar es Salaam ilipata usafiri wa treni za mjini, ile ambayo wananchi waliiita "treni ya Mwakyembe", kwa mabehewa ya zamani yaliyokarabatiwa. Nairobi, Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971 yamehifadhi behewa ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi Charles Ryall huko Kima mwaka 1900. Moja lilirudi kubeba abiria. Jingine linabeba historia.

Wapo watakaosema: kwa kuwa Salale ni nchi ya wavuvi, tuyazamishe baharini yawe makazi ya samaki. Jiji la New York lilifanya hivyo. Kuanzia mwaka 2001 lilitoa mabehewa zaidi ya 2,000 ya treni zake za chini ya ardhi, yakazamishwa katika pwani ya mashariki ya Marekani. Yale ya chuma cha kawaida yalidumu na samaki wakakusanyika. Lakini ya chuma kisichoshika kutu, yaliyozamishwa New Jersey mwaka 2008, mengi yalisambaratika baada ya miezi michache. Kilichofaa kwao hakitufai kwa sababu tu kimefanywa huko. Delta ya Rufiji ina matope, na mikoko yake ndiyo malezi ya kamba na samaki. Eneo zima la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu ya Ramsar tangu mwaka 2004. Tusigeuze jaa kuwa msaada.

Salale yenyewe ina fundisho bora zaidi. Oktoba 1914 Waingereza walinasa hati katika meli ya Kijerumani iliyokuwa Lindi, ikitaja makaa ya mawe yaliyopelekwa Salale. Wakajua manowari Königsberg imejificha deltani. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa vibaya, nahodha wake aliizamisha. Wajerumani hawakujaribu kuiokoa meli nzima. Walitoa mizinga yake kumi mikubwa, wakaitengenezea magurudumu na kuipeleka vitani nchi kavu. Aliyeivuta ni Mwafrika, mamia kwa mamia, kwa kamba na jasho. Leo mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Mabaki ya meli yalikatwa yakauzwa kama chuma. Delta ilitoa maficho na jasho. Faida ilikwenda kwingine.

Mafundisho ni mawili. Kwanza, chukua kile kinachoweza kusafiri. Behewa lina uzito wa makumi ya tani, na mizigo ya Salale huingia kwa mashua na boti. Bodi nzima haitafika. Viti, feni, taa na matangi ya maji vitafika. Viti vinaweza kuwa mabenchi ya zahanati, au ya wanaosubiri boti dikoni. Tangi zima, likishasafishwa na kukaguliwa, litakinga maji ya mvua mahali ambapo maji ya chumvi ni jirani wa kila siku. Bodi zibaki reli inapofika, ziwe maktaba na karakana za shule. Pili, asibebeshwe mzigo yule asiyeona faida. Gharama za kusafirisha zisitupiwe kijiji, na behewa lolote likaguliwe asbesto na rangi yenye risasi kabla ya kuguswa.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inahusu pia uondoshaji wa mali za umma kwa zabuni. Kwa hiyo hatuombi fadhila, bali utaratibu ulio wazi. Kabla ya mnada, orodha ya mabehewa na vifaa vyake itangazwe hadi ofisi za kata, na halmashauri zote, zenye reli na zisizo nayo, zipewe muda wa kuomba. Kisichoombwa ndicho kiende kwenye mizani.

Mtumishi wa umma atakayesaini kufutwa kwa behewa katika daftari la mali ajiulize swali moja: je, mtu wa Salale aliarifiwa? Kama hakuarifiwa, kalamu isubiri.