Andiko la Mradi Liwe la Wenye Mradi

Mkoa wa Katavi, ambao makao yake ni Mpanda, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Kwa msomaji wa Unguja au Pemba, huko ni mbali. Lakini iko shida moja inayovikabili vikundi vya huko ambayo haina Bara wala Visiwani, kwani inamhusu mkulima wa mwani wa Paje sawasawa na mrina asali wa Inyonga. Shida hiyo ni kupanga kazi ya pamoja na kuieleza mbele ya wenye mamlaka.

Kwa mujibu wa sheria, halmashauri za Bara hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwezi Aprili 2023 Serikali iliisitisha mikopo hiyo, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali kufichua fedha zisizorejeshwa na vikundi visivyokuwapo. Mwaka 2024 ikaanza tena kwa utaratibu mpya. Fedha hizo ni jasho la wananchi. Zikipotea, anayeumia ni mnyonge aliyekuwa akingojea zamu yake.

Wezi wapo, na dawa yao ni sheria. Lakini si kila deni lisilolipwa limetokana na wizi. Mengi huanza siku ya kuandika mradi. Si siri kwamba mahali pengi kikundi huenda kwa mchapaji, kikapewa andiko lililokwishatumiwa na wengine, likabadilishwa jina na tarehe tu. Katibu hulisoma mbele ya kamati, wenzake wakaitikia kwa vichwa. Akiulizwa mjumbe mwingine mradi utaleta nini na lini, hana la kusema. Andiko la namna hiyo ni nguo ya kuazima, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu inahusu deni na kuandikwa kwake. Mafunzo yake yako wazi: mwandishi huandika, lakini anayetamka la kuandikwa ni yule atakayelipa, na mashahidi huwapo. Hapo pana hekima kwa kila raia, wa dini yoyote. Kumwomba anayejua kalamu atusaidie si aibu. Aibu ni kumwachia mwenye kalamu atufikirie.

Tuchukue mfano. Tuseme kikundi cha Inyonga kinataka mkopo wa mizinga 50. Kabla ya kushika karatasi, wajumbe wakae chini ya mti waulizane. Mizinga itatundikwa wapi, na kwa idhini ya nani? Nani atailinda na moto wa kiangazi? Nyuki hawaingii wote kwa siku moja, na mzinga mpya huweza kukaa mtupu miezi mingi. Je, marejesho yataanza kabla ya asali ya kwanza? Kama ndivyo, fedha ya kulipia itatoka wapi? Asali itauzwa kwa nani, na kwa bei gani iwapo mavuno ya mkoa mzima yameshuka sokoni kwa pamoja? Majibu ya maswali hayo ndiyo mradi. Karatasi ni kumbukumbu yake tu.

Kikundi kilichojibu maswali hayo hakipati taabu kujieleza. Mweka hazina ataeleza hesabu, na atakayekwenda porini ataeleza kazi ya porini, hata kama hajui kusoma. Waseme kwa ufupi wanataka nini, watafanya nini, nani atafanya, na watalipaje. Wasifiche hatari zilizopo, bali waeleze wamejiandaaje nazo. Mjumbe anayekiri kwamba nyuki huhama, kisha akaonyesha njia ya kulipa wakihama, anaaminika kuliko anayeahidi faida tangu mwezi wa kwanza.

Kwa watendaji wa Serikali tunasema hivi: kazi ya afisa maendeleo ya jamii haianzi fomu inapofika mezani. Inaanza kijijini, kwa kuwafundisha wananchi kupanga kabla hawajaomba. Kamati nayo iwaulize wajumbe wote, isimsikilize katibu peke yake. Inapokataa mradi, itoe sababu kwa Kiswahili chepesi ili kikundi kikajirekebishe. Kukataa bila kufundisha ni kuwarudisha watu kwa mchapaji yule yule.

Wala hatuombi lisilowezekana. Katika Wilaya ya Tanganyika, humo humo Katavi, vijiji vinane viliingia katika mradi wa kuhifadhi misitu ya milima ya Ntakata na kuuza hewa ya ukaa. Vilipanga kwanza matumizi ya ardhi yao, na matumizi ya fedha hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Fedha hizo zimejenga shule na zahanati. Huwezi kuwahimiza watu walinde msitu kwa miaka mingi kwa mpango wasioujua.

Mwaka 1969, akiueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alilifundisha taifa kwamba kupanga ni kuchagua. Tunaongeza kwamba anayechagua sharti awe yule atakayebeba mzigo. Vikundi vya Mpanda, na vya Unguja na Pemba vinavyoomba mikopo kwa taratibu za huku, vianze kwa kukaa pamoja na kuulizana. Viongozi nao wakae navyo. Mkopo uliopangwa na wote hulipwa na wote.